Mnunuzi Asiyejitaja Si Lazima Awe Tapeli

Hapa Kilungu tumezoea broka. Anafika shambani, anapima avokado kwa macho, na tajiri wake humjui. Sasa yuko broka mwingine: umesajili jina la tovuti la .co.ke kwa biashara yako pale Nunguni, halafu barua pepe inaingia. "Mteja wangu analitaka jina hilo. Bei gani?" Mteja hatajwi.

Mimi sioni ubaya. Kampuni kubwa ikijitaja utapandisha bei papo hapo, si ndiyo? Basi taja bei yako, usimbembeleze ajitambulishe.

Lakini akisema utume pesa kwanza ya "cheti cha thamani ya jina", huyo hanunui kitu. Achana naye.

Nambari ya siri ya kuhamisha jina ndiyo funguo za duka. Usiitoe kwa sababu ya SMS. SMS mtu yeyote anaweza kuitunga. Angalia salio mwenyewe. M-Pesa hupitisha hadi Sh250,000 kwa muamala mmoja, kwa hivyo akidai ametuma laki nne kwa mpigo, ushajua. Bei ikizidi kiasi hicho, malizaneni benki.