Mawe ya Tangi la Bahari Yapangwe na Wanafunzi

Katika shule za mwambao wetu, tangi dogo la kioo lenye maji ya bahari ni zana ya Sayansi iliyo karibu sana na mazingira ya mtoto. Lakini mara nyingi tumeona mwalimu akilipanga peke yake, kisha wanafunzi wakaitwa kulitazama kama watazamavyo picha ukutani. Sisi tunashikilia kwamba kupanga mawe ndilo somo lenyewe, na kumnyima mtoto kazi hiyo ni kumnyima elimu.

Wako wenzetu wanaopinga. Husema kwamba mawe ni mazito, kioo huvunjika, na kipindi hakitoshi. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 huchukua lita 54 likijaa, yaani kilo 55 hivi za maji ya bahari. Jiwe moja likiporomoka laweza kupasua kioo, kuua samaki na kumjeruhi mtoto. Hata hivyo, hatari hiyo haiondolewi kwa kumweka mtoto mbali. Huondolewa kwa kumfundisha kanuni za uthabiti, na kumpa nafasi ya kukosea mahali ambapo kosa halidhuru.

Mahali hapo ni sakafuni. Mwalimu achore kwa chaki mstatili ulio sawa na kitako cha tangi, kisha kila kikundi kipange mawe yake humo, makavu. Mtoto aliyekulia penye jiko la mafiga anajua tayari kwamba figa moja haliinjiki chungu. Maarifa hayo ndiyo msingi wa somo: jiwe pana likae chini, jembamba juu, na kila jiwe lishikwe penye sehemu tatu. Kikundi kikimaliza, kilisukume rundo kwa kidole. Likianguka, wanafunzi waulizwe sababu, nao wapange tena. Swali hilo moja lina thamani kuliko ubao mzima wa maandishi ya kunakili.

Rundo likithibitika, lihamishiwe tangini. Mawe ya chini yalazwe juu ya kioo chenyewe, ndipo mchanga utiwe kandokando. Yakilazwa juu ya mchanga, kaa na kamba wachimbao mashimo watauondoa chini yake. Pawe na nafasi ya sentimita 5 hivi kutoka kila ukuta, ili maji yazunguke na mkono upite kusafisha. Mawe ya juu yafungwe kwa mshipi wa nailoni. Waya wa shaba usitumike kamwe, kwani shaba ni sumu kwa kaa, kamba na konokono. Nao wa chuma hushika kutu. Tangi liachwe wiki kadhaa kabla ya kutiwa samaki.

Huenda baadaye ikabidi mawe yapangwe upya. Hapo umeme wa pampu ukatwe kwanza, samaki wawekwe ndooni katika maji ya tangi lile lile, na mawe yasogezwe machache kwa siku. Yasioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwani hukaliwa na bakteria wanaoigeuza amonia, sumu itokayo katika taka za samaki. Wanafunzi waandike wanayoyaona: ni samaki gani amerudi pangoni mwake, na ni yupi amenyang'anywa?

La mwisho ni la dhamiri. Mawe yawe makavu, ya chokaa, yatokayo machimboni, au vigae vya mitungi iliyovunjika. Mwamba ulio hai usiguswe. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi upande wetu; shule isiongeze nyundo juu ya msiba huo. Mwalimu anayefundisha habari za mwamba kwa kuubomoa huwa amefundisha kubomoa.

Basi, wanachuo, mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, wapeni watoto mawe, chaki na muda. Tangi litachelewa kupendeza, lakini litakuwa lao, na kila jiwe lililomo wataweza kueleza kwa nini limekaa pale.