Ushahidi wa Waliorudi

Liko neno lililozoeleka katika pwani yote ya Waswahili kwamba ajali haina kinga. Neno hili ni jema kwa mfiwa, kwani humpunguzia uchungu; lakini ni baya kwa nahodha, kwani humpunguzia hadhari. Likitamkwa baada ya mazishi ni faraja. Likitamkwa kabla ya safari ni udanganyifu. Katika kisiwa cha Mafia, ambako watu wengi hufika bara kwa kuvuka maji baina ya Kilindoni na Nyamisati, udanganyifu huo waweza kugharimu roho nyingi kwa saa moja.

Aprili 2021 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kuwa kimbunga kilichoitwa Jobo kilikuwa kikielekea pwani ya nchi. Kimbunga hicho kikadhoofika kabla ya kuleta msiba uliohofiwa. Miaka mitatu baadaye ilitolewa hadhari nyingine, na safari za vyombo baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Safari hii mgeni hakughairi njia. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu Mafia kwenyewe, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi.

Mtu aliyejifunza dharau kwa Jobo angelipa ada ya somo lake kwa Hidaya. Kosa lake lisingekuwa uchache wa akili, bali ni kupima shauri kwa mwisho wake badala ya kulipima kwa yale yaliyojulikana lilipokatwa. Manahodha wawili wakipewa habari moja ya dhoruba, mmoja akang'oa nanga na mwingine akangoja, kisha bahari ikatulia, wa kwanza huitwa shujaa na wa pili huitwa mwoga. Kumbe usalama wa yule wa kwanza ulikuwa zawadi ya upepo, si tunda la busara. Aliyengoja alikuwa na haki siku ile, na angali na haki leo, hata kama halikuvuma hata tone la upepo.

Husemwa, kwa kiburi cha uzoefu, kwamba wazee wamevuka mkondo ule miaka arobaini bila ya kudhurika. Hoja hii ina kishindo, lakini haina msingi. Wanaotoa ushahidi huo ni wale waliorudi. Waliozama hawaketi barazani, hawanywi kahawa, wala hawaulizwi maoni yao. Baraza inayosikiliza upande mmoja tu wa kesi haistahili kuitwa baraza ya haki. Wala umri wa mtu mmoja si kipimo cha bahari. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliuharibu mji wa Unguja na mashamba yake ya mikarafuu. Kingine kiliipiga Lindi Aprili 1952. Baina ya viwili hivyo ilipita miaka 80, muda unaotosha mtu kuzaliwa, kuzeeka na kufa akiapa kwamba vimbunga havifiki pwani hii.

Udhaifu huu si wa wavuvi wala wa wasiosoma. Mwaka 1981 wataalamu wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walichapisha habari za jaribio walilowafanyia wanafunzi wa vyuo vikuu. Waliwaeleza juu ya maradhi yaliyotazamiwa kuua watu 600. Walipoambiwa kuwa shauri la kwanza lingeokoa watu 200 kwa yakini, na la pili lingebahatisha kuokoa wote au kutookoa hata mmoja, 72 katika kila 100 walichagua yakini. Kundi jingine lilipoambiwa kuwa kwa shauri lile lile la kwanza watu 400 wangekufa, ni 22 tu katika kila 100 waliolikubali. Hesabu haikubadilika, lilibadilika neno. Ndivyo ilivyo bandarini. Ikisemwa kwamba safari imezuiwa, kila msikilizaji huona hasara. Ikisemwa kwamba abiria wamehifadhiwa, yule yule huona faida.

Wapinzani wana hoja moja yenye uzito, nayo haifai kufichwa. Chombo kikizuiwa, mgonjwa anayehitaji hospitali kubwa ya bara hubaki kitandani, samaki huoza, na kibarua hulala na njaa. Hayo ni kweli. Lakini mgonjwa huyo ana uso, jina na mama anayelia mbele ya mlango. Abiria watakaopakiwa pamoja naye ni idadi tu mpaka watakapozama. Huruma hufuata jicho, na jicho halioni idadi. Basi mwenye kuamua hana budi kuhesabu pande zote mbili: roho iliyo mbele yake na roho zisizo na uso bado. Akimpenda mmoja kwa kuwasahau arobaini, hakutenda rehema bali upendeleo.

Dawa yake haimo katika kuwahubiria watu woga. Imo katika kuandika kila hadhari iliyotolewa, kilichojulikana siku hiyo na kilichotokea, ili hukumu isiachiwe kumbukumbu za walionusurika. Imo pia katika kugawana gharama ya kungoja, kwani si haki maskini wa Kilindoni alipe peke yake kwa chakula chake bei ya usalama wa wote. Wahenga walionya kwamba usisafirie nyota ya mwenzio. Onyo hilo lina wa kulisikia hata leo, maana nyota inayofuatwa mara nyingi ni ya mwenzi aliyebahatika, na aliyeifuata akapotea hakurudi kusimulia.