Mnyororo wa Msumeno Hauchaguliwi kwa Urefu Peke Yake

Mtu anayekwenda dukani Nachingwea au Ruangwa kutafuta mnyororo mpya wa msumeno wa mashine aghalabu huulizwa swali moja tu: "Wa inchi ngapi?" Naye hutaja urefu wa upanga, yaani kile chuma kirefu bapa kinachobeba mnyororo, na biashara huishia hapo. Kwa maoni yangu swali hilo ndilo lenye faida ndogo kuliko yote yapasayo kuulizwa, na kuridhika nalo kunawagharimu wananchi wa wilaya hizi fedha, mbao, na pengine viungo vya mwili.

Mnyororo hutambulika kwa vipimo vitatu. Cha kwanza ni hatua yake. Pima kutoka katikati ya ribiti moja hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha gawanya kwa mbili. Ukipata milimita 8.25, mnyororo huo ni wa inchi 0.325, ukipata 9.5, ni wa 3/8. Ukipata kama 10.3, ni wa 0.404, unaotumika katika mashine kubwa za aina ya Stihl 070. Cha pili ni unene wa meno ya chini, yale yasiyokata mti bali huingia katika mfereji wa upanga na kusukumwa na sproketi. Unene huo aghalabu huwa milimita 1.3, 1.5 au 1.6, na jicho haliwezi kuutofautisha. Cha tatu ni idadi ya meno hayo ya chini. Upanga wa inchi 20 wenye hatua ya 3/8 kwa kawaida huhitaji meno 72, lakini wenye hatua ya 0.325 huhitaji karibu 80. Hivyo "mnyororo wa inchi 20" ni maneno yasiyotosha kumtambulisha mnyororo wo wote.

Jambo hili si geni kwa dereva wa bodaboda. Anajua kwamba mnyororo mpya ukifungwa juu ya sproketi iliyolika, huharibika mapema. Katika msumeno hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mnyororo hukimbia kwa mwendo wa karibu mita 20 kwa sekunde, mbele ya mwili wa mtu. Hatua isipolingana na sproketi, meno ya chini hupanda juu ya meno ya sproketi, chuma hupata moto, na mnyororo huweza kukatika na kurudi kwa mkataji. Meno yakiwa membamba kuliko mfereji, mnyororo hulala upande na ubao hutoka umepinda. Mkataji hulaumu tupa, kumbe kosa lilianzia dukani. Upanga wenye mfereji uliopanuka hauponyeki kwa mnyororo mpya. Vivyo hivyo sproketi: kanuni njema ni kuibadilisha kila baada ya minyororo miwili.

Baada ya vipimo huja umbo la jino, na hapo ndipo miti yetu inapokuwa na neno. Jino la kisasa lilibuniwa Marekani na Joseph Buford Cox, mkata miti wa Oregon, aliyechunguza jinsi buu wa mende alivyotafuna gogo kwa kukata kulia na kushoto. Kiwanda chake kilianza mwaka 1947. Jino lenye pembe kali ya mraba hukata kwa kasi katika mti laini na safi. Mti wa kusini si wa namna hiyo. Mpingo ni mzito hata huzama majini, mkongo ni mgumu, na magome ya miti ya miombo hubeba vumbi na mchanga. Kwa kazi hiyo jino lenye pembe iliyoviringwa kidogo lafaa zaidi: hukata polepole, lakini hudumu na makali. Mkulima anayepogoa mikorosho yake tu hahitaji mashine ya mpingo. Mnyororo mwembamba wa mashine ndogo wamtosha, na mkono wake utachoka kidogo.

Kuna tena suala la kupasua mbao. Mnyororo wa kawaida umenolewa kwa pembe ya nyuzi 30 ili kukata mti kwa kuukingama. Wa kupasulia gogo kwa urefu hunolewa kwa nyuzi 10 hivi, na huacha uso laini zaidi. Lakini hata ulionolewa vema hugeuza milimita 8 hadi 10 za mti kuwa unga kila unapopita. Kwa ubao wa milimita 25, karibu robo ya gogo au zaidi huenda na unga. Mnyororo usiolingana na upanga wake huyumba, na kuzidisha hasara hiyo.

Hasara hiyo ni ya nani? Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao, na kuanzia mwaka 2018 mradi wa FORVAC, uliofadhiliwa na Ufini, ulifanya kazi katika vijiji vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale ili mazao ya misitu hiyo yawape wananchi kipato. Mninga uliogeuzwa unga bure ni fedha iliyotoka katika mfuko wa kijiji.

Nachingwea, kuliko mahali pengi, ingestahili kuwa na hadhari na mashine zisizo na vipuri. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulitegemea matrekta mengi yaliyokwisha kutumika, na mengi yakalala kwa kukosa vipuri.

Wapo watakaosema kwamba kikwazo ni bei, si elimu. Sikubali. Mnyororo wa bei nafuu wenye vipimo sahihi utamfaa mkataji kuliko wa bei ghali usiolingana na mashine yake. Yapasa vyuo vya VETA vifundishe vipimo hivi vitatu kwa Kiswahili, na Shirika la Viwango liwatake waagizaji waviandike kwa Kiswahili juu ya pakiti. Kamati za maliasili za vijiji nazo zingechagua hatua moja kwa mashine zote za kijiji, ili mnyororo, sproketi na tupa vya mashine moja vifae nyingine. Vipimo hivyo viandikwe katika daftari la msitu, kando ya namba ya kila mashine, na anayetumwa dukani aende na nakala yake.