Delhi na Lahore Zirudishiwe Njia Yao

Kutoka Delhi hadi Lahore kwa anga ni kama kilomita 420, masafa yale yale ya Mombasa na Nairobi. Hata saa nzima haifiki. Lakini mimi ninayekata tiketi hapa Deira, Dubai, safari hiyo siwezi kumuuzia mtu, kwa kuwa ndege ya moja kwa moja haipo. Anayetoka Delhi huja kwanza Dubai, karibu kilomita 2,200 upande wa magharibi, kisha hurudi mashariki kiasi cha kilomita 2,000 ndipo afike Lahore. Ni saa tatu na ushei kuja na saa tatu kurudi, na katikati hapo anasubiri uwanjani, pengine usiku kucha. Masafa yamezidi mara kumi.

Dubai twapata riziki kwa mzunguko huo, nami nimo. Hata hivyo nasema haufai.

Wanaouliza njia hii kwangu wengi ni watu wazima. Punjab ilipogawanywa kati ya India na Pakistan mwaka 1947, koo zilibaki nusu huku, nusu kule. Nilimkatia tiketi mzee mmoja, mzaliwa wa Lahore mwenye pasi ya Uingereza, akitoka huko Lahore kumuwahi dadake aliyefariki Delhi. Sisi Waislamu twajua maiti hacheleweshwi. Dada alizikwa ndugu yake akiwa bado uwanjani Dubai. Ingekuwapo ndege ya saa moja, angalimtia mchanga kwa mkono wake.

Wala njia hazikukosekana tangu zamani. Treni ya Samjhauta ilianza mwaka 1976. Basi la Delhi na Lahore likaanza Februari 1999, na Waziri Mkuu wa India, Vajpayee, mwenyewe alilipanda kwenda Pakistan. Vyote viwili vilisimama Agosti 2019, nchi hizo zilipogombana juu ya Kashmir. Mwaka 2025, baada ya watalii kuuawa Pahalgam, huko Kashmir, kila upande ulizifungia ndege za mwenzake anga, na mpaka wa Wagah na Attari nao ukafungwa.

Nitaambiwa kila dola ina mamlaka juu ya anga lake. Ni kweli, ndivyo ulivyosema Mkataba wa Chicago wa 1944. Lakini tazameni Taipei na Shanghai. Hadi 2008 abiria wa kawaida walilazimika kupitia Hong Kong au Macau. Mwaka huo serikali za Taiwan na China, ambazo hata hazitambuani, zilikubaliana ndege zivuke moja kwa moja. Ugomvi wao haujaisha mpaka leo, na watu wanasafiri.

India na Pakistan zinatambuana tangu siku zilipozaliwa. Ikiwa treni na basi ni mambo mengi kwa sasa, basi iwe ndege moja kwa wiki, na viti vya mbele wapewe wenye msiba na wagonjwa. Abiria na wakaguliwe watakavyo maofisa wa pande zote mbili. Kibali cha ndege hiyo kinahitaji sahihi mbili tu, ya Delhi na ya Islamabad.