Bei hutajwa kwa Kifaransa, hushushwa kwa Kilingala

Mwanafunzi wa Lubumbashi akirudi kutoka Kinshasa, wenzake hawamwulizi ameona nini. Wanamwuliza: "Umebaki na kitu?" Na jibu tunalijua wote. Kinshasa ni mji wa bei. Kinshasa inakula feza. Ukienda na mfuko mwembamba, utarudi bila mfuko.

Nami nilikuwa nikisema hivyo, mpaka mwezi wa nane uliopita nilipokwenda mwenyewe na dola 200 za kuishi siku 10. Nimerudi na maoni mengine, na ninayaandika hapa kwa sababu yanakihusu kitivo chetu kuliko mtu mwingine yeyote. Ni kweli kwamba mji mkuu wetu ni wa gharama. Lakini sehemu ya gharama ile haikutokana na mji. Ilitokana na mimi, mwanafunzi wa lugha ambaye sikujua lugha.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Nilikuwa natafuta vitabu kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, na yaya yangu alikuwa amenipa diploma yake niipeleke kupigwa muhuri katika ofisi moja ya serikali. Tikiti ya ndege ililipwa na familia nzima, kila mtu akitoa alichoweza, maana njia nyingine ni reli mpaka Ilebo, halafu chombo cha kuteremka mto Kasai, na mwenye siku 10 hawezi kuijaribu. Malazi yalikuwa kwa shangazi, katika komini ya Lemba. Nilimpelekea kilo 3 za vinkubala, akafurahi kama nimemletea Katanga nzima. Kwa hiyo kitanda kilikuwa bure, na chakula cha jioni pia. Dola 200 zilikuwa za usafiri, chakula cha mchana, fotokopi na dharura. Nilijiona tajiri.

Siku ya kwanza nilipanda teksi-basi kwenda mjini, Gombe. Nilidhani nimelipa mpaka mwisho wa safari. Tulipofika Victoire, watu wote wakashuka, nami nikabaki nimekaa. Mpokea-nauli akaniambia maneno ambayo sikuelewa, nikamjibu kwa Kifaransa, akacheka. Basi lilikuwa limefika mwisho wake. Huko wanaita jambo hili demi-terrain: dereva anaikata njia moja vipande viwili, na abiria analipa mara mbili. Wakaaji wa Kinshasa wenyewe wanalalamika kila siku, si wageni tu. Lakini wao, kabla ya kupanda, wanasikia kijana akiita kituo ambacho basi litaishia, wanapima, wanangoja lingine. Mimi nilisikia kelele tu. Kelele ile ilikuwa habari, na habari ile ilikuwa na thamani ya nauli moja.

Toka Victoire nikapanda pikipiki. Waendesha pikipiki wa Kinshasa wanaitwa wewa. Neno hilo ni la Kiciluba na maana yake ni "wewe", ndugu kabisa wa neno letu. Nilifurahia etimolojia hiyo njia nzima, nikashuka nikalipa franka 6.000. Jioni binamu yangu, mtoto wa shangazi, akaniuliza nimelipa ngapi. Nilipomwambia, akashika kichwa. "Yaya, mimi ninalipa 2.500." Nilikuwa nimejua neno lilitoka wapi, lakini sikujua namna ya kuzungumza na mtu anayeitwa kwa neno hilo.

Kesho yake binamu akanipeleka sokoni, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Mama mmoja alikuwa anauza viatu vya mtumba. Nikamwuliza bei kwa Kifaransa, akanitajia kwa Kifaransa: "Vingt mille." Sawa. Akaja mteja mwingine, akasalimu "Mbote, mama", akauliza "Ntalo boni?", yaani bei gani. Mama yule akamtajia bei, naye pia kwa Kifaransa! "Quinze mille." Huko Kinshasa namba za feza husemwa zaidi kwa Kifaransa, hata katikati ya sentensi ya Kilingala. Basi mtu anaweza kudanganyika akafikiri biashara yote inafanyika kwa Kifaransa. Hapana. Kilichofuata ndicho kilichoshusha bei: habari za watoto, mzaha juu ya soli ya kiatu, "kitisa mwa moke", punguza kidogo, kuondoka hatua mbili, kuitwa, kurudi. Kiatu kikatoka kwa 11.000. Bei hutajwa kwa Kifaransa, hushushwa kwa Kilingala. Mwenye Kifaransa peke yake anafika mlangoni tu mwa mazungumzo.

Sisemi kwamba mama yule ni mwizi. Nimekulia karibu na soko la Kenya hapa Lubumbashi, na najua mama zetu wanafanya vilevile. Mgeni akija na Kifaransa chake cha shule, bei inapanda, kwa sababu Kifaransa kinanukia ofisi na mshahara. Bei ya soko haikuandikwa popote. Ni jibu la swali "wewe ni nani kwangu?" Anayeongea lugha ya soko amekwisha kujibu nusu ya swali hilo kabla ya kutoa feza.

Lakini soko si kitu. Gharama kubwa ya mji mkuu, kwa sisi tunaotoka mbali, ni kungoja. Kule ofisini niliambiwa "zonga lobi", rudi kesho. Kesho yake nikaambiwa tena "zonga lobi". Katika Kilingala neno lobi lina maana ya jana na pia ya kesho, na siku ya tatu nilianza kuona kwamba katika ofisi ile siku hizo mbili ni moja kweli. Kila lobi moja ilikuwa nauli nne, kwenda na kurudi, na chakula cha mchana. Hakuna aliyeniomba hongo, wala sitaki kumsingizia mtu. Hakuna aliyenieleza kitu, basi. Mimi nilikuwa nasimama mbele ya dirisha, nasema sentensi zangu nzuri za Kifaransa, nao wananijibu kwa sentensi nzuri zaidi za Kifaransa, ambazo zilikuwa na adabu nyingi na hazikuwa na habari.

Siku ya nne nilibadilisha. Usiku ule nilimwomba binamu anifundishe sentensi tano. Asubuhi nikamwambia katibu, kwa Kilingala kilichovunjika vibaya, kwamba nauti Lubumbashi, natoka Lubumbashi, na kwamba feza yangu inakwisha. Akacheka, akasahihisha matamshi yangu, akafungua faili. Kulikosekana fotokopi moja ya kitambulisho cha yaya. Moja tu! Ilikuwa imekosekana tangu siku ya kwanza. Yaya akaituma kwa simu, nikaichapisha nje ya lango, na siku ya sita muhuri ukapigwa.

Hesabu yangu iko hivi. Siku 4 za kwanza zilikula dola 115. Siku 6 za mwisho zilikula dola 70. Nirudi nyumbani na dola 15, nikaweza kujibu swali la wenzangu. Nitakuwa mkweli: si lugha peke yake iliyofanya hivyo. Nilijifunza pia kutembea kwa miguu, kununua kwanga na karanga asubuhi badala ya kula mkahawani, na kula pondu, ambayo ni sombe yetu tu, kwa mama wa kando ya barabara. Lakini hata mama huyo nilimfahamu kwa Kilingala. Nilipojua kusema "bakisa", niongezee, nilipata kijiko cha matabishi. Neno hilo hata halikuhitaji tafsiri: wao wanasema matabisi.

Sasa najua pingamizi litakalotolewa, kwa sababu nililitoa mwenyewe nikiwa nimekasirika mbele ya dirisha lile. Kwa nini nijifunze Kilingala ili nihudumiwe katika mji mkuu wa nchi yangu? Ibara ya kwanza ya Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiciluba, na inaipa serikali kazi ya kuziendeleza bila ubaguzi. Mji mkuu ni wa Wakongomani wote. Mtu wa Kalemie au wa Bukavu anapaswa kueleweka pale kama mtu wa Mbandaka. Ni kweli, na sitaacha kudai hivyo.

Ila nani atakayedai vizuri? Hapa ndipo kitivo chetu kinaponikosesha usingizi. Tunajifunza Kifaransa, tunajifunza Kiingereza, tunachambua Kiswahili mpaka mofimu ya mwisho. Wengi wetu tunamaliza masomo bila hata lugha moja ya taifa zaidi ya ile tuliyozaliwa nayo. Tunaiimba rumba tangu utoto, na UNESCO ilipoiandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021 tulisherehekea kama wengine. Tunacheza katika Kilingala, lakini hatuwezi kununua kiatu katika Kilingala. Kwa haki gani basi tunamtaka mtu wa Kinshasa ajue Kiswahili?

Kuna sababu ya uvivu huu, na tusiifiche. Katika nyumba nyingi za hapa, wazee hawapendi kusikia Kilingala. Tangu Force Publique ya wakoloni mpaka jeshi la Mobutu, Kilingala kilikuwa lugha ya kambi, na wazazi wetu wengi walikisikia kwenye kizuizi cha barabara, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Nako Kinshasa, shangazi aliniambia, wapo wanaokumbuka Mei 1997, vijana wenye bunduki walipoingia mjini wakisema Kiswahili. Hivyo kila upande una sababu ya kuiogopa lugha ya mwenzake. Askari akiwa mwalimu wetu wa kwanza wa lugha, inabidi mtu mwingine afundishe somo la pili. Mtu huyo ni nani kama si mwanafunzi wa lugha?

Na jambo hili si ndoto. Mwaka 1971, vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, Kitivo cha Herufi kiliwekwa hapa Lubumbashi. Mpaka chuo kile kilipogawanyika mwaka 1981, kijana wa Kinshasa aliyetaka kusoma lugha alilazimika kuja huku, akae huku, anunue bukari na sombe huku. Uamuzi ule ulikuwa wa amri, na una lawama zake. Lakini wazee wetu wanakumbuka wanafunzi wale walivyojifunza Kiswahili, haraka kuliko katika kitabu chochote, kwa sababu ya njaa. Mimi nimefanya safari ileile kinyume, kwa siku 10, na njaa imenifundisha vilevile.

Ninapendekeza mambo mawili. La kwanza kwa walimu wetu: kila mwanafunzi wa kitivo asome lugha ya pili ya taifa, saa chache kwa juma, kwa mazungumzo kwanza na sarufi baadaye. Walimu wa kuanzia wapo kampasini. Wenzetu waliokulia Kinshasa, Mbuji-Mayi na Matadi wanakaa nasi katika chumba kimoja. La pili kwetu wanafunzi: tusingoje programu. Mtafute mwenzako mwenye Kilingala au Kiciluba, mpe saa moja ya Kiswahili safi, naye akupe saa moja ya kwake. Haigharimu hata franka moja.

Na kama unakwenda Kinshasa likizo ijayo na mfuko mwembamba, sikiliza kwanza basi linaitiwa wapi kabla ya kupanda, salimu kabla ya kuuliza bei, na ukiambiwa lobi, uliza ni karatasi gani inayokosekana. Uliza kwa Kilingala, hata kibovu. Watakucheka. Mimi walinicheka siku 6, na ndizo siku zilizonigharimu kidogo.