Kabla hujamnunulia mtoto kobe, jenga nyumba yake kwanza

1.
Wiki iliyopita niliandika kuhusu homa za watoto, na inboksi nikapata swali ambalo sikulitegemea: "Nesi, mwanangu anataka kobe. Tuna bustani ndogo nyuma ya nyumba, ila huku mvua haiishi. Ataweza kukaa nje?" Aliyeuliza anaishi Manchester, kama mimi.

Jibu fupi: nje anaweza kukaa, ila si kwenye bustani tupu. Na kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitano, mimi nasema subiri. Jibu refu ndilo hili. Soma hadi mwisho mama, maana mimi lilinigharimu.

2.
Binti yangu alipotimiza miaka saba tulimnunulia kobe wa Horsfield, wale wadogo ambao asili yao ni nchi kavu za Asia ya Kati. Tukamwita Taratibu. Muuzaji akatuambia, "Huyu ni mgumu, mwekeni tu nje." Basi tukachukua banda la zamani la sungura, tukatupia nyasi kavu ndani, tukaliweka bustanini. Julai ikapita vizuri. Mwishoni mwa Agosti yakaanza manyunyu, yale ya huku yasiyo na mwanzo wala mwisho. Siku tisa mfululizo. Siku ya kumi binti akaja jikoni: "Mama, Taratibu anatoa mapovu puani."

Jamani, mimi ni nesi. Mapovu puani, mdomo wazi, shingo imenyooshwa kutafuta hewa: ningeyaona kwa mtoto wodini ningekimbia. Kumbe nyasi za kwenye banda zilikuwa zimelowa siku zote hizo na mimi sikuwahi hata kuingiza mkono. Daktari wa mifugo akasema ni maambukizi ya njia ya hewa. Akanieleza kitu ambacho sikukijua: kobe hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, kwa hiyo hawezi kukohoa vizuri. Mtoto wako akibanwa na kifua, kikohozi chenyewe kinamsaidia kutoa makohozi. Kobe hana msaada huo, yanabaki mapafuni.

Alichomwa sindano wiki kadhaa. Akapona. Lakini mambo hayakuishia hapo, nitarudi.

3.
Najua wa pwani mtaniuliza: mbona wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, pale Unguja, wananyeshewa masika yote na wapo tu? Ni kweli. Mimi mtu wa Tanga, nimewaona. Wale asili yao ni Shelisheli, waliletwa mwaka 1919, na kizazi chao kipo mpaka leo. Lakini mvua ya Unguja ni ya uvuguvugu. Inanyesha, inakatika, jua linatoka, ardhi inakauka. Hata usiku mtu unalala na khanga tu.

Kobe hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi, anaazima kwenye jua na ardhi. Hapa Manchester hata Julai mchana wa kawaida ni nyuzi 20 hivi, usiku ni baridi, na udongo ukilowa haukauki. Kobe aliyelowa na kupoa hawezi hata kusaga chakula tumboni, na kinga ya mwili inalegea.

Kwa hiyo mvua peke yake si adui. Mvua fupi siku ya joto ni neema kwake, anatoka, anakunywa, anakojoa. Kinachomuua ni unyevu na baridi vikikaa pamoja, naye hana pakavu pa kukimbilia.

Wahenga walisema ukimwona kobe juu ya mti, ujue kuna aliyempandisha. Kobe wa Asia ya Kati kwenye bustani ya Manchester yuko juu ya mti, mama. Tuliompandisha ni sisi.

4.
Sasa nyumba yenyewe. Haya nimejifunza kwa babu mmoja Mwingereza wa mtaani kwetu, anafuga kobe tangu ujana wake.

MAHALI. Chagua panapopigwa na jua zaidi. Huku ni upande unaotazama kusini. Ardhi iwe na mwinuko, udongo uchanganywe na mchanga, chini kuwe na kokoto. Chimba shimo, mimina ndoo ya maji. Saa moja baadaye yakiwa bado yamesimama, hapo si pa kobe.

BANDA. Mbao nene, sakafu iliyoinuliwa juu ya matofali, paa la mteremko lisilovuja, na mlangoni vipande vya plastiki nzito vinavyoning'inia ili aingie na kutoka bila upepo kumfuata. Ndani kuwe na joto la umeme lenye themostati. Umeme huo afunge fundi aliyesomea kazi ya nje. Usiburute waya wa ndani ya nyumba kwenye nyasi zilizolowa, hapo unacheza na uhai wa mtoto wako.

KITALU CHA KIOO. Kile kidogo cha miche kinakamata joto hata siku ya mawingu. Kiunganishe na banda, na kiwe na pa kufungua, maana jua likiwaka kinageuka tanuri. Ila elewa hili: kioo cha kawaida kinazuia sehemu kubwa ya mionzi ya UVB, ile inayomsaidia kutengeneza vitamini D. Akiikosa, mifupa na gamba vinakuwa laini. Ni yale yale ya matege kwa watoto. Kwa hiyo apate jua la moja kwa moja, au taa maalumu ya UVB.

MAJI. Sahani pana, maji yasipite kidevu chake. Kobe wa nchi kavu haogelei. Akipinduka kwenye dimbwi anakufa maji.

UZIO. Uingie ardhini, kwa sababu Horsfield anachimba. Usiku mfungie, huku kuna mbweha na panya.

Siku za mvua mkague kila siku. Ingiza mkono bandani, nyasi ni kavu? Pua kavu? Macho yamefunguka? Gamba la chini halina sehemu laini wala harufu? Ni dakika mbili tu, na mimi sikuzifanya.

Na baridi ikiingia usimwache ajizike mwenyewe kwenye udongo uliolowa. Horsfield hulala msimu wa baridi, lakini kwanza apimwe na daktari, na alale pakavu penye baridi isiyogandisha. Wengi wanaotoka Afrika kusini mwa Sahara hawalali, wanataka joto mwaka mzima. Na yule wa Saheli anayeuzwa akiwa mdogo kama sahani ya kikombe anaweza kupita kilo 50. Utamweka wapi?

5.
Nilisema nitarudi. Taratibu alipougua tulimwingiza ndani, kwenye boksi, jikoni karibu na hita. Hatukuwa na pengine. Mdogo wake binti alikuwa na miezi kumi na tano, anatembea na kushika kila kitu. Jioni moja nikamkuta amekaa kando ya boksi, mkono mmoja juu ya gamba, vidole vya mwingine mdomoni. Nikamwosha mikono, nikajipa moyo.

Siku ya tatu homa, kuharisha, kutapika. Kipimo cha choo kikaonyesha salmonela. Tulilala hospitali usiku mmoja akiwa na dripu, na mimi safari hii nimekaa kiti cha mama, si cha nesi. Alipona, namshukuru Mungu.

Kobe hubeba salmonela tumboni bila kuumwa. Huwezi kumwona kwa macho kwamba anayo, na kumwogesha hakuiondoi. Marekani walipiga marufuku tangu 1975 kuuza kasa na kobe wenye gamba chini ya sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni.

Mnaona mnyororo ulivyo? Banda bovu, kobe akalowa, akaumwa, akaletwa jikoni, mtoto akaharisha. Ndiyo maana nasema nyumba ya kobe ni suala la afya ya familia, tusiliachie fundi wa bustani peke yake.

Mkifuga: mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila baada ya kumgusa. Asioshwe kwenye sinki la jikoni, awe na beseni lake. Hakuna kumbusu. Hakuna kula mkimshika. Mtoto akiharisha huku pampasi imekaa kavu kwa saa nyingi, analia bila machozi, macho yameingia ndani, au kuna damu chooni, usisubiri asubuhi. Piga 111, akiwa amelegea haamki vizuri, 999. Na mwambie daktari, "Nyumbani tuna kobe."

6.
Msimamo wangu basi. Kama mdogo wenu hajafika miaka mitano, au wewe ni mjamzito, au mnaishi na mtu ambaye kinga yake ni dhaifu, subirini. Kobe anaishi miaka hamsini na zaidi, hatawapita. Kama mko tayari, jengeni kwanza, mvua inyeshe wiki nzima banda likiwa tupu, muingie mguse sakafu. Ikiwa kavu, ndipo mkanunue, kwa mfugaji mwenye karatasi zake. Wa aina ya Hermann hauzwi kihalali huku bila cheti. Na wauzaji nao waulize maswali mawili tu kabla ya kupokea hela: mtoto wenu mdogo ana umri gani, na banda liko wapi? Mimi hakuna aliyeniuliza.

Mlio nyumbani Tanzania na Kenya, kobe ni mnyamapori, anahitaji kibali. Usimwokote porini ukamleta uani, na msitutumie kwenye begi.

Taratibu sasa anaishi kwa yule babu. Binti alilia sana, alisema nimempendelea mdogo wake. Nikamwambia ndiyo, kwa sasa. Kila Jumamosi anaenda kumpelekea majani ya dandelioni, na akirudi anapitia bombani kabla sijamwambia.

Mtumie mama mwenzio anayefikiria kununua. Sehemu ijayo: vidonda vya mdomoni kwa watoto.