Mashauri kwa Wenye Magari: Injini Isichemke Njiani

Mara nyingi gari kuukuu huharibika si kwa sababu ya uzee, bali kwa sababu liliachwa likachemka. Injini ikichemka, kifuniko cha silinda hupinda, gasketi huungua, na maji huingia katika oili. Hapo gharama ya fundi yaweza kupita thamani ya mzigo wote wa mahindi uliokuwa ukipelekwa sokoni.

Hatari huzidi katika miezi ya Januari hata Machi, jua linapokuwa kali, hasa kwa gari lipandalo kutoka Mombasa kwenda Nairobi, mji ulioinuka juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi. Pwani, maji matupu huchemka yakifika digrii 100 za Selsiasi. Nairobi huchemka yakifika 94 hivi. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kina springi: huyabana maji yasichemke upesi. Mpira wake ukichakaa, nunua kifuniko kingine. Usizibe kwa kitambaa.

Kabla ya safari, injini ikiwa baridi, fanya haya. Kwanza, hakikisha rejeta imejaa maji safi yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu, kwa maana maji ya chumvi huacha ukoko ndani ya mirija. Pili, bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Ukilegea, feni haivuti upepo wa kutosha. Tatu, osha rejeta kwa maji kutoka upande wa injini, ili majani na wadudu warudi walikoingilia. Nne, kagua mipira ya maji. Iliyopasuka au kulainika ibadilishwe.

Mshale wa joto ukipanda mlimani, punguza mwendo na uingize gia ndogo. Ukiona mvuke, simama kando ya barabara, zima injini, ungoje mpaka ipoe kabisa, hata ikiwa ni saa nzima. Usifungue kifuniko cha rejeta kingali moto, kwani maji huruka kwa nguvu na kuunguza uso na macho. Wala usimimine maji baridi katika injini yenye moto, maana chuma chaweza kupasuka.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kazi hii ya asubuhi ni ya dakika kumi tu, nayo haihitaji fundi.